Mali ya Marehemu si Mali ya Mwenye Nguvu

Mada iliyotolewa na Tume ya Haki na Amani kwa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, makatekista na wajumbe wa WAWATA



Ndugu zetu wapendwa, tumekuja kuzungumza nanyi juu ya mirathi, nasi tunaanza na jambo lisilotuletea sifa. Katika parokia yetu alifariki baba mmoja, fundi seremala, akaacha mke, mabinti watatu na mvulana aliyekuwa bado shule ya msingi. Tulimzika kwa heshima zote za Kikristo. Siku ya kuanua matanga wazee wa ukoo waliketi kikao, wakampendekeza mdogo wa marehemu awe msimamizi wa mirathi. Muhtasari uliandikwa wakati mjane yuko jikoni akiwapikia wageni. Alipotakiwa shahidi asiye wa ukoo, aliitwa kiongozi mmoja wa jumuiya, mwenzetu, naye akatia sahihi pasipo kusoma. Katika orodha ya warithi lilikuwamo jina la mvulana peke yake. Kabla ya mwaka kwisha, shamba lilikuwa limeuzwa na vyombo vya karakana vimehamishwa. Ndipo mjane alipofika ofisi ya parokia akatuuliza: “Je, mlisaini nini?”

Hatukuwa na jibu. Mada hii ni jitihada yetu ya kumjibu, na ya kuhakikisha kwamba swali hilo haliulizwi tena mlangoni petu.

Mirathi na imani yetu

Wako wanaosema kuwa mirathi ni mambo ya ukoo na serikali, na kwamba Kanisa libaki na sala. Hata hivyo, Maandiko Matakatifu hayakulinyamazia jambo hili. Katika Kitabu cha Hesabu, sura ya 27, mabinti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa na mkutano wote wakadai sehemu ya baba yao, aliyekufa bila mtoto wa kiume. Musa alilipeleka shauri lao kwa Bwana, na Bwana akawapa haki. Katika Injili ya Luka, sura ya 12, mtu mmoja alimwomba Yesu amwamuru ndugu yake agawane naye urithi. Yesu alikataa kuwa mgawaji, kisha papo hapo akawaonya watu wote juu ya choyo. Kwa hiyo yatupasa kujua mipaka yetu. Si kazi ya jumuiya kugawa mali ya marehemu. Kazi yetu ni kusimama upande wa haki, na kuikemea choyo hata inapovaa nguo za msiba.

Hatua za kufuata

Ukoo hupendekeza; mahakama ndiyo huteua. Mtu aliyetajwa kwenye kikao cha ukoo hana mamlaka yoyote juu ya mali mpaka mahakama imteue. Akiuza shamba, akitoa fedha benki kwa kadi ya marehemu, au akihamisha fedha zilizo katika simu yake kabla ya hapo, anagusa mali isiyo yake.

Jambo la kwanza ni kuandikisha kifo na kupata cheti cha kifo. Kazi hiyo iko chini ya RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Pasipo cheti hicho, safari ya mirathi hukwama mwanzoni.

Jambo la pili ni kikao cha ukoo. Mjane au mgane awepo, pamoja na watoto waliofikia umri wa kuelewa. Muhtasari utaje tarehe, waliohudhuria, warithi wote wa kike na wa kiume pamoja na umri wao, mali na madeni yanayojulikana, na jina la anayependekezwa. Anayetia sahihi asome kwanza. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya watu.

Jambo la tatu ni kupeleka maombi mahakamani. Mahakama ya Mwanzo imepewa mamlaka juu ya mirathi inayoongozwa na sheria za kimila au za Kiislamu. Mirathi nyingine huenda mahakama za juu yake. Katika kuamua sheria ipi itumike, mahakama hutazama jinsi marehemu alivyoishi na alivyokusudia. Cheti cha ubatizo peke yake hakimalizi swali hilo. Ni vema kumuuliza karani wa mahakama kabla ya kujaza fomu yoyote, maana shauri lililofunguliwa pasipo mahali pake huweza kufutwa baada ya miaka, na familia ikaanza upya.

Jambo la nne ni tangazo. Mahakama hutangaza maombi hayo ili mwenye pingamizi ajitokeze. Hapa ndipo wajane wengi hupoteza haki zao, kwa kuwa tangazo hubandikwa ubaoni nao hawana habari. Mwenye kudhani kuwa ameachwa nje, au kwamba anayeomba usimamizi si mwaminifu, asinung'unike nyumbani. Aende aweke pingamizi, na hakimu atasikiliza pande zote mbili.

Jambo la tano ni uteuzi na hesabu. Msimamizi akiisha kuteuliwa hupewa hati. Kwa mujibu wa kanuni za Mahakama ya Mwanzo za mwaka 1971, anatakiwa katika muda wa miezi minne kuwasilisha Fomu Na. 5, yenye orodha kamili ya mali na madeni ya marehemu, isipokuwa mahakama imemwongezea muda. Baadaye hutoa hesabu kwa Fomu Na. 6, akionyesha fedha alizopokea, alizolipa, na mali iliyouzwa au kuhamishwa. Katika mahakama za juu muda ni miezi sita kwa orodha, na mwaka mmoja kwa hesabu. Msimamizi hulipa kwanza gharama za mazishi na madeni, ndipo awagawie warithi. Basi mkimwona msimamizi ambaye miaka inapita naye hajapeleka hesabu, jueni kuwa mrithi ana haki ya kwenda mahakamani kuomba aitwe ajieleze, na hata uteuzi wake utenguliwe.

Tunalikazia neno moja: msimamizi si mmiliki. Amekabidhiwa mali ya wengine aitunze, aikusanye na kuifikisha kwa wenyewe.

Mjane na mabinti

Hatuwezi kuwaficha ukweli. Kanuni za sheria za kimila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 ziliwaweka mabinti katika daraja la tatu la warithi, nyuma ya watoto wa kiume. Kuhusu mjane, zilisema hana sehemu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, bali atunzwe na watoto wake. Kanuni hizo zimewaliza wengi. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia Mkataba wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi dhidi ya Wanawake ilitoa uamuzi juu ya malalamiko ya wajane wawili wa Tanzania, ikaona kuwa haki zao zimekiukwa.

Lakini kanuni hizo si sheria pekee. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi kama mwanamume awezavyo, akiegemea haki za binadamu zilizomo katika Katiba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto matumizi ya haki ya mali ya mzazi wake. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mjane yu huru kuishi anakotaka, kubaki bila mume, au kuolewa na mwanamume amtakaye. Kumrithi mjane kana kwamba ni kitanda cha marehemu ni kinyume cha sheria hiyo, na ni kinyume cha heshima ya mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu.

Pale marehemu asipoacha wosia, na mahakama ikaona kuwa sheria ya kimila au ya Kiislamu haihusiki, mahakama zetu zimeitumia Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865. Kwa sheria hiyo, marehemu akiacha mjane na watoto, mjane hupata theluthi moja, na watoto theluthi mbili. Ndiyo maana swali la sheria gani itumike si la wanasheria peke yao. Kwa mjane ni swali la kuwa na paa au kukosa. Aidha, mali iliyo ya mjane mwenyewe si sehemu ya mirathi ya mumewe, na isiingizwe katika orodha.

Wosia

Ndugu zetu, wengi wetu huogopa wosia tukidhani ni kujiitia kifo. La hasha! Kuandika wosia ni kuwapunguzia watoto ugomvi. Katika kanuni za kimila, wosia wa maandishi wa mtu ajuaye kusoma na kuandika hushuhudiwa na watu wasiopungua wawili wanaojua kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua kusoma na kuandika huhitaji wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki, na ndivyo ilivyo pia kwa wosia wa mdomo. Mke aliyepo nyumbani hushuhudia pamoja nao. Wosia huweza kutunzwa RITA, au kwa mtu mwaminifu, mradi watu wajue ulipo. Wosia uliofichwa chini ya godoro mara nyingi huonwa kwanza na yule asiyeupenda.

Tunayowaomba

Kwanza, kiongozi wa jumuiya asitie sahihi muhtasari wowote wa mirathi kabla ya kuusoma wote, na kabla ya kuuliza, “Mama mwenye nyumba yuko wapi?” Akiwa jikoni, aitwe. Wageni wanaweza kusubiri chakula.

Pili, katika siku za matanga, jumuiya ichague watu wawili wa kumsindikiza mjane: kumsaidia kupata cheti cha kifo, kuhifadhi hati za nyumba na shamba, na kuangalia ubao wa matangazo mahakamani.

Tatu, tusigeuke mahakama. Familia ikiweza kupatana kwa haki, tuwasaidie kupatana. Isipoweza, tusiwazuie kwenda kwa hakimu kwa kisingizio cha kulinda amani. Amani inayomtaka mnyonge anyamaze si amani ya Kristo.

Na yule mjane wetu? Alikwenda mahakamani, safari hii akiwa amesindikizwa. Msimamizi aliitwa, ikaonekana hajawasilisha orodha wala hesabu. Uteuzi wake ulitenguliwa, na mahali pake wakawekwa mjane mwenyewe pamoja na wifi yake, dada wa marehemu, aliyesimama mbele ya kaka zake kusema kweli. Vyombo vingi vya karakana vilirudi. Shamba halikurudi upesi, maana mnunuzi naye alikuwa ametoa fedha zake, na shauri hilo lilichosha watu wengi. Mwenzetu aliyetia sahihi alikwenda kutoa ushahidi, akakiri mbele ya hakimu kuwa hakusoma. Alirudi ameinamisha kichwa, lakini yule mama alimshika mkono wakatoka pamoja.

Twamwomba Mungu atujalie ujasiri huo mapema zaidi, kabla ya shamba kuuzwa.

Tumsifu Yesu Kristo.