Tikisa Tairi la Nyuma
Dereva wa bodaboda unayebeba dagaa kutoka mwalo wa Kibirizi, kabla hujapakia, simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, shika tairi la nyuma, litikise kushoto na kulia. Likicheza, au likikwaruza unapolizungusha, yawezekana beringi zimekwisha. Usipakie mzigo, ipeleke pikipiki kwa fundi.

Namba imechongwa ubavuni mwa beringi. Nunua hiyohiyo: 6202 na 6302 zote zina tundu la milimita 15, lakini kwa nje moja ni 35, nyingine 42. Badilisha beringi zote za tairi hilo pamoja na sili, maana sili ikichakaa maji na mchanga hupitia hapo. Na tafadhali, anapoingiza beringi mpya, fundi agonge ukingo wa nje tu. Akigonga wa ndani, gololi zinaumia palepale gereji.