Malimau Kumi na Mawili

Msikilizaji, kila ikifika Oktoba tunaziona picha zile zile za kampeni ya saratani ya matiti: utepe wa waridi, mgeni rasmi kavaa fulana, watu wamejipanga mbele ya bango wanacheka. Mama wa hapa Unguja anayekatiza Michenzani kwenda sokoni Darajani akiitazama picha hiyo atajua nani alialikwa. Hatajua aangalie nini kifuani mwake, wala akiona kitu agonge mlango gani.

Ipo picha nyingine. Mbunifu wa Kimarekani, Corrine Ellsworth-Beaumont, ambaye bibi zake wote wawili walifariki kwa saratani ya matiti, alipanga malimau 12 kwenye trei ya mayai, kila moja na dalili yake. Hili limebonyea, hili ganda lake limekuwa na vishimo kama la chungwa, hili ncha yake imezama ndani, jingine linatoa tone la maji, jingine limekuwa jekundu. Januari 2017 picha hiyo ilizagaa mitandaoni dunia nzima, na ndani yake hakuna titi hata moja.

Hapo ndipo ilipotufaa sisi. Kwenye shughuli za harusi za hapa Unguja, wanawake wakiwa peke yao, husimama bibi mmoja akatangaza: simu mkobani, hakuna kupiga picha. Na hakuna anayebisha, maana picha ikishatoka haina marejeo. Mwaka 1993 msanii Matuschka alionyesha kovu la titi lililokatwa, kwenye jalada la jarida la New York Times, na Wamarekani wengi wakamsifu. Bango kama hilo likitundikwa Michenzani asubuhi, alasiri halipo. Mimi simlaumu atakayelibandua.

Lakini limau peke yake halitoshi. Mwanamke akishaiona dalili, kinachomzuia ni mambo mengine: nani atanishika? Ni mwanamume? Baibui nitalivua mbele ya nani? Ningekuwa na kamera ningepiga picha za njia yenyewe: muuguzi wa kike ananawa mikono, pazia limevutwa, shuka safi kitandani, vidole vinazunguka polepole juu ya titi la plastiki la kufundishia. Na huyo muuguzi aombwe ridhaa kwanza.

Na zitundikwe wapi? Michenzani wamezoea kusoma ubaoni. Ubao wa maskani ya Kisonge, pale pale Michenzani, unajulikana visiwa vizima. Ila picha hizi nisingeziweka barazani. Ningezibandika ndani, kwenye ngazi za yale majumba marefu, pale mama anapotua kikapu kupumzika kabla ya kupanda ghorofa nyingine. Pale ataangalia kwa nafasi yake, mbali na macho ya wanaume wa barazani.

Kuna jambo moja ambalo kamera hailiwezi. Uvimbe wa saratani mara nyingi mwanzoni hauumi, na sisi kisichouma hatukihesabu ugonjwa. Ule uvimbe unaoshikika mgumu kama kokwa ya limau hutambulika kwa mkono, na si kila uvimbe ni saratani. Kinachoamua ni kipimo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitaka wagonjwa wasiopungua asilimia 60 wagundulike katika hatua ya kwanza au ya pili, na majibu yapatikane ndani ya siku 60. Kwetu Tanzania wengi hufika hospitali wakiwa hatua ya tatu au ya nne. Na Mzanzibari aliyehitaji mionzi, kwa miaka mingi ilimbidi avuke bahari mpaka hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, aache watoto kwa jirani.

Malimau yapo Darajani. Trei za mayai zipo kila duka. Na wapiga picha wetu wa harusi, Jumatatu na Jumanne, wengi wao wapo tu.