NYUMBA YA BORITI NA KITOWEO CHA BAHARI
Hotuba kwa wenyeji wa Magongo, Changamwe

Nyumba ya udongo na makuti ina mifupa yake, nayo ni boriti za mikoko. Lakini mkoko ndio mlezi wa samaki na kamba: wadogo hujificha mizizini mwake hata wakue. Akataye ovyo apata nyumba, akosa kitoweo.

Huko Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja ulianza mwaka 2013. Wanakijiji hulipwa kwa kuilinda mikoko yao, maana hufyonza hewa ya ukaa. Na fedha hizo zimeleta maji na kusaidia shule.

Basi mjenzi na aweke msingi wa mawe, mchwa wasizifikie boriti upesi, na upenu mpana uzuiao mvua. Nyumba idumuyo haidai boriti mpya kila mara.