Ofisi Inayouliza: Miaka 24 ya Carleton Washburne katika Shule za Winnetka



Nimeombwa nizungumzie maisha ya kazi ya msimamizi wa shule katika mji mdogo. Nimemchagua Carleton Washburne, aliyesimamia shule za Winnetka, jimbo la Illinois, Marekani, kuanzia 1919 hadi 1943. Winnetka iko kando ya Ziwa Michigan, kaskazini mwa Chicago. Mwaka 1920 haikufikisha wakazi 7,000, na shule zake za umma zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Hata hivyo walimu walitoka nchi za mbali kwenda kuziona. Naamini sababu ni hii: Washburne aliifanya ofisi yake iwe mahali pa kuuliza na kupima, ndipo waraka utoke.

Alizaliwa Chicago mwaka 1889. Mama yake aliandika juu ya malezi na elimu, na mtoto alisoma katika shule ya Francis Parker, mmoja wa waasisi wa elimu ya kimaendeleo nchini humo. Mwaka 1912 alianza kufundisha katika shule ya kijijini California, akakuta katika chumba kimoja watoto wa umri na uwezo tofauti kabisa. Kufundisha wote kitu kimoja kwa saa moja hakukuwezekana. Baadaye alifanya kazi San Francisco chini ya Frederic Burk, aliyekuwa akitengeneza vijitabu vya kumwezesha kila mtoto kusonga kwa mwendo wake. Bodi ya shule ya Winnetka ilipotafuta msimamizi, Burk alimpendekeza Washburne. Washburne alikuwa na miaka 29.

Tukumbuke kwamba Marekani afisa wa namna hii hapangiwi kituo na wizara. Huajiriwa na bodi ya shule ya mahali hapo, na bodi huchaguliwa na wakazi. Wakimchoka, anaondoka. Kukaa miaka 24 katika kiti hicho kulitaka wazazi wamwelewe, naye alitumia muda mwingi kuwaeleza anachofanya.

Mpango wake uligawa siku ya shule sehemu mbili. Karibu nusu ya asubuhi na nusu ya mchana ilikuwa ya stadi za lazima: kusoma, kuandika na hesabu. Hapo kila mtoto alikuwa na kitabu chake cha kazi chenye majibu ya kujisahihishia. Akiona ameiva, alimwomba mwalimu jaribio. Akilifaulu alisonga mbele. Asipofaulu alirudia kipengele kilichomshinda, hicho tu. Mtoto aliweza kuwa mbele katika kusoma na nyuma katika kugawanya bila kurudishwa darasa zima. Muda uliobaki ulikuwa wa kazi za pamoja: maigizo, muziki, useremala, mijadala, serikali ya wanafunzi. Hizo hazikuwa na alama wala kiwango cha kufikia. Wengi waliomwiga walichukua vitabu vya kazi wakaiacha nusu hii ya pili, na kwa maoni yangu waliacha roho ya mpango wenyewe.

Vitabu hivyo havikununuliwa dukani. Walimu waliviandika wenyewe katika vikao na msimamizi wao, wakavijaribu darasani, wakavirekebisha. Walipotaka kujua ni mambo gani ya historia na jiografia ambayo raia anayahitaji, walipekua magazeti na majarida kuona majina ya watu na mahali yanayotajwa mara nyingi. Walipotaka kujua kitabu gani kinamfaa mtoto wa kiwango gani, waliwauliza watoto waliovisoma, maelfu kwa maelfu katika miji mbalimbali. Orodha iliyotokana na kazi hiyo ilitoka mwaka 1926, na miaka miwili baadaye Washburne na mtafiti mwenzake Mabel Vogel walitoa kanuni ya kupima ugumu wa maandishi, miongoni mwa za mwanzo kabisa.

Hata kuhusu majengo waliuliza kwanza. Kabla ya kuchora Shule ya Crow Island, iliyofunguliwa mwaka 1940, wasanifu waliketi madarasani na kuwasikiliza walimu. Kila darasa likapata choo chake, chumba cha kazi za mikono na mlango wa kutokea kwenye ua wake. Vitasa vikawekwa mkono wa mtoto unapofika.

Kazi yake ina udhaifu, tuutaje. Winnetka ilikuwa na wazazi wenye uwezo, na bajeti yake haifanani na zetu. Utafiti aliouongoza kuhusu umri unaofaa kwa kila mada ya hesabu ulipingwa vikali mwaka 1938 na mtafiti wa elimu William Brownell, aliyeona kwamba matokeo hutegemea sana namna somo lilivyofundishwa. Nakubaliana na Brownell. Ila pingamizi hilo liliwezekana kwa sababu Washburne aliweka data zake hadharani.

Mwaka 1943 alijiunga na jeshi na kupelekwa Italia, akasaidia kufungua tena shule, kuondoa ufashisti katika vitabu na kuandaa mtaala mpya wa shule za msingi wa 1945. Aliporudi alifundisha vyuoni, akafariki mwaka 1968.

Ndugu washiriki, turudi kwetu. Afisa Elimu Kata wetu anashinda akikusanya takwimu, akisimamia mitihani ya majaribio na kujiandaa kwa ziara za viongozi. Takwimu hizo hupanda juu, na ni nadra zirudi darasani zikiwa msaada kwa mwalimu. Kata yenye shule nne au tano ina ukubwa unaokaribia shule za Winnetka. Walimu wa Darasa la Tatu wa kata moja wanaweza kukutana, kuandika mazoezi ya kutoa kwa kuchukua yaliyopangwa kwa ngazi, kuyajaribu wiki chache na kuyasahihisha. Karatasi na muda vinatosha kuanzia.

Naomba vikundi vya mchana vifanye hilo hasa. Kila kundi lichague mada moja ya Hesabu ya Darasa la Tatu, liivunje katika hatua ndogo, liandike jaribio fupi la kila hatua, na liseme nani atalijaribu, shule gani, na lini ataleta matokeo.