Kompyuta ya Tawi Si Feki



Kuna maneno yanazunguka kwamba kompyuta ya tawi ni feki na hela ya michango imeliwa. Aliyetumwa kununua ni mimi, kwa hiyo nijibu mwenyewe.

Vifaa nilichukua Kariakoo, maduka tofauti, risiti zote anazo mhazini. Tukaunga usiku, tukawasha: feni zinazunguka, skrini giza. Mmoja wetu akasema palepale, "Tumepigwa!" Asubuhi kata nzima inajua.

Sasa sikieni. Feni kuzunguka si ushahidi kwamba prosesa inapata umeme. Prosesa ina waya wake, mara nyingi wa pini 8, unachomekwa kwenye kona ya juu ya madabodi, mbali na ule mkubwa wa pini 24. Wengi huusahau. Wetu ulikuwepo.

Tukachomoa umeme ukutani, tukagusa chuma cha kasha, tukabakiza kipande kimoja tu cha RAM. Tukakikandamiza mpaka kikalia "ta!" pande zote mbili. Tukawasha. Picha hiyo! Kumbe hakikuzama vizuri. Cha pili nacho tukakirudisha hivyohivyo, kikakubali.

Kingegoma, tungeazima RAM, kisha pawa saplai, kimoja kimoja, ndipo turudi dukani na risiti tukijua kibovu ni kipi. Ila pawa saplai msiifungue, hata ikiwa imechomolewa. Inabaki na umeme ndani, unaua.

Jumamosi tunaunga ya pili. Yule wa "tumepigwa" naye aje, na bisibisi yake.