Hujidungi Sindano? Hatari Bado Ipo

Wapo vijana wanaosema, "Sisi hatujidungi sindano, HIV itatupata wapi?" Ni kweli, moshi wa bangi hauambukizi HIV, wala muguka, hata mkigawana. (Kifua kikuu ni kisa kingine.) Lakini mtu akishalewa, kondomu husahaulika, mwingine hushindwa hata kukataa. Hapo ndipo virusi hupita.

Ikiwa yametokea usiku, asubuhi usikae kwa ploti ukihesabu siku. Nenda kituo cha afya cha serikali, uombe dawa za PEP. Huanzwa kabla ya saa 72 kupita, na mapema ni bora. Kisha humezwa kila siku kwa siku 28. Anayetaka kuacha mihadarati apigie NACADA, 1192, bila malipo.