Tulirudi Hemani kwa Hiari Yetu
Maneno ya vijana wa Boise mbele ya mkutano wa Wakongomani wanaoishi ng'ambo

Mmetuomba tueleze safari yetu ya Julai 2025 katika mbuga za Marekani, na jinsi watu wa pande mbili walivyolala hema moja. Tutaeleza kama ilivyokuwa, pamoja na yale ambayo hayakumalizika.

Sisi ni vijana wanane, wanaume watano na wanawake watatu. Tunaishi Boise, mji mkuu wa jimbo la Idaho, ambako Wakongomani wengi wamepokelewa kama wakimbizi. Wanne kati yetu ni Wabembe na Wafuliru. Familia zao zilikimbia Fizi na Uvira, nao wakakulia kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, Tanzania. Watatu ni Banyamulenge na Watutsi wa Masisi, waliokulia Kiziba nchini Rwanda na Nakivale nchini Uganda. Mmoja ni Munande, mtoto wa Goma. Kiswahili kinatuunganisha wote, ingawa kila mmoja hucheka Kiswahili cha mwenzake.

Goma ilipotekwa na M23 mnamo Januari 2025, hata Boise kulichafuka. Hakuna aliyempiga mtu, lakini salamu zilikatika. Watu waliokuwa wakisaidiana kuhamisha vitanda walianza kupishana dukani bila kutazamana. Katika simu zetu zilipita video za maiti, na nyingine zilikuwa za vita vya zamani zilizoandikwa tarehe mpya. Mwezi uleule serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na ndugu zetu waliokuwa wamekwisha kuhojiwa wakabaki kambini. Kila upande ulikuwa na machungu, na kila upande uliona ya kwake tu.

Wazo la safari lilitoka kwa wawili wetu, Mbembe na Munyamulenge, wanaofanya kazi zamu moja katika kiwanda. Walisema: tukiita mkutano wa maridhiano hakuna atakayekuja, basi tuwaite watu kutembea. Tulikopa mahema mawili, tukajaza magari mawili, tukanunua kadi ya mwaka ya dola 80 kwa kila gari, ambayo inafungua milango ya mbuga zote za taifa.

Wazazi walishangaa. Mama mmoja alisema: "Nilikaa kambini miaka 18 nikimwomba Mungu anitoe. Leo mtoto wangu analipa pesa arudi kulala hemani?" Hatukuwa na jibu la kumridhisha. Katika lugha yetu neno ni lilelile: kambi ya wakimbizi, kambi ya askari, kambi ya watu wanaopumzika. Mwishowe alitupatia sufuria yake kubwa na mfuko wa ndagala.

Kituo cha kwanza kilikuwa Craters of the Moon, mwendo wa saa tatu hivi kwa gari kutoka Boise. Ni uwanda wa mawe meusi ya volkano, ambayo mara ya mwisho yalimwagika miaka kama 2,000 iliyopita. Mwaka 1969 wanaanga wa Marekani waliletwa hapo kujifunza mawe. Mwenzetu wa Goma hakuhitaji mwalimu. Alishuka garini akasema: "Hapa ni kwetu." Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002 alikuwa na miaka sita, akatembea kwa miguu hadi Gisenyi akiwa ameshikwa mkono na dada yake. Alituonyesha jiwe lililokunjana kama kamba, na lile linalokata viatu. Akaeleza jinsi watu wa Goma walivyojenga nyumba mpya kwa mawe yaleyale yaliyofunika nyumba za zamani. Wenzetu wa Masisi, ambao hawakuwa wameongea naye tangu Januari, walimuuliza maswali mpaka jua likazama.

Kesho yake tuliingia Yellowstone, mbuga iliyoundwa mwaka 1872. Mbuga yetu ya Virunga ni kama mjukuu wake. Mfalme Albert I wa Ubelgiji alitembelea mbuga za Marekani mwaka 1919, na miaka sita baadaye, tarehe 21 Aprili 1925, ikaundwa mbuga iliyopewa jina lake, ambayo tangu 1969 inaitwa Virunga. Wengine wetu walizaliwa karibu nayo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuingia humo kama mgeni wa kutazama wanyama. Wawili waliikatisha usiku, wakikimbia.

Sheria za Yellowstone ni kali na zinafuatwa. Ukimwona nyati wa kule, usimkaribie chini ya mita 23; dubu na mbwa mwitu, mita 91. Chakula chote hufungiwa ndani ya gari au ndani ya sanduku la chuma, kwa sababu dubu ana pua kali mno. Mlinzi alipopita na kunusa ndagala zetu, alituuliza kwa upole ni kitu gani. Tulizifunga mifuko mitatu, na bado usiku ule hakuna aliyetaka kulala upande wa sanduku.

Kuni zinauzwa pale, zimefungwa vizuri kama zawadi. Dada zetu walicheka sana walipoziona. Kisha mmoja akanyamaza. Huko Nyarugusu, msichana aliyetoka nje ya kambi kutafuta kuni hakuwa na hakika ya kurudi salama. Dada wa Kiziba akasema kwao pia ilikuwa hivyo. Waliongea wao kwa wao muda mrefu, na sisi wanaume tulipika bugali.

Usiku mvua ilinyesha. Ndugu mmoja wa Nyarugusu alishindwa kuvumilia sauti ya maji juu ya hema, akahamia garini, na hakurudi hemani mpaka mwisho wa safari. Aliyemfuata kukaa naye alikuwa yule wa Nakivale. Asubuhi tuliwakuta wanabishana ni turubai ya nani iliyokuwa inavuja zaidi.

Kati ya Madison na chemchemi ya Old Faithful kuna kijito kiitwacho Nez Perce. Magari mengi yanapita bila kusimama. Hilo ni jina ambalo Wazungu waliwapa watu wanaojiita Nimiipuu, wenyeji wa Idaho na Oregon. Mkataba wa mwaka 1863 uliwanyang'anya karibu sehemu tisa kwa kumi za ardhi waliyokuwa wameachiwa. Baadhi ya viongozi waliweka sahihi, wengine walikataa. Mwaka 1877 waliokataa walilazimishwa kuhama, vita vikaanza, na watu kama 800, pamoja na wazee na watoto, wakakimbia wakitafuta kuingia Kanada. Mwezi wa Agosti walipita Yellowstone, pale pale tuliposimama, jeshi likiwafuata. Baadhi ya wenzao wa upande wa mkataba walikuwa wakiongoza njia ya jeshi. Tarehe 5 Oktoba chifu Joseph alisalimisha silaha, zikiwa zimebaki kilomita kama 65 kufika mpaka. Alifariki mwaka 1904 bila kuruhusiwa kurudi kuishi katika bonde lake la Wallowa.

Tulikaa kando ya maji bila kusema. Kisha Mbembe mmoja akasema: "Sisi ndio hawa." Munyamulenge akamjibu: "Hapana, ni sisi." Hapo mkutano wa maridhiano ambao tuliogopa kuuita ukaanza wenyewe, na uliendelea usiku kucha karibu na moto.

Hatutawadanganya kwamba tulikubaliana. Gatumba ilitajwa, mahali ambapo wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge, waliuawa tarehe 13 Agosti 2004. Makobola ilitajwa pia, na raia wa Fizi waliouawa huko mwishoni mwa 1998. Kuhusu Minembwe kila mtu alibaki na msimamo wake. Neno lililoumiza kuliko yote lilikuwa "ninyi". Kila liliposemwa, mtu alisimama. Karibu na alfajiri dada mmoja aliomba kila mmoja ataje aliyempoteza, kwa jina lake, bila kusema nani alimuua. Ilichukua zaidi ya saa moja.

Jambo moja tulipatana: picha au video ya maiti isitumwe kwa mtu yeyote mpaka tujue ni wapi, lini, na ni mtoto wa nani. Tumeshika neno hilo hadi leo. Mara mbili limezuia ugomvi mkubwa Boise.

Grand Teton tulipita siku moja tu. Milima ni mizuri na maji ni baridi kupita kiasi, picha mtaziona.

Tunataka kufika Big Hole, Montana, ambako Nimiipuu walishambuliwa alfajiri ya 9 Agosti 1877 wakiwa bado wamelala. Magari mawili hayatatosha, kwa sababu watu 14 wamekwisha kujiandikisha kutoka pande zote. Mama wa ndagala naye ameuliza kama kuna nafasi, mradi asilale chini.